Ushoroba wa Bi Mwanatabu

Kitabu kililetwa na Sharif, mzee wa mtaa, siku ya Jumanne baada ya swala ya alasiri, na Bi Mwanatabu alikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayeletewa posa ya bintiye. Kilikuwa chembamba, jalada lake la kijani, na juu yake picha ya watoto wanaocheka chini ya miti ambayo pale mtaani Shika Adabu haijawahi kuonekana. Kichwa chake kilijaza nusu ya ukurasa: MWONGOZO WA MIPANGO YA USHOROBA WA MTAA NA HATUA ZA KUKABILIANA NA MABADILIKO YA TABIANCHI.

"Chatoka afisi ya mipango," alisema Sharif. "Kila nyumba ya safu hii kitabu kimoja. Kisomeni, kisha mje mkutanoni mseme maoni yenu."

"Na kwa Kiswahili! Leo wametukumbuka."

"Ndivyo walivyosema. Mimi sijakisoma, macho yaniuma."

Macho ya Sharif huuma kila penye kitu cha kusoma na hupona papo hapo penye kitu cha kula. Alipomaliza kikombe cha kahawa na tende tatu, akaenda zake nyumba ya pili.

Bi Mwanatabu alikaa barazani akavaa miwani. Ni mwanamke aliyekuwa akijibizana na redio. Mtangazaji akikosea ngeli, yeye husahihisha palepale jikoni, mwiko mkononi, na mtangazaji asiposikia hilo si kosa lake. Hakuwa na mali ya kujivunia zaidi ya nyumba hiyo ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na lugha aliyoachiwa na mamake, ambayo mamake aliachiwa na nyanyake. Kwa hiyo alisoma polepole kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Ushoroba bora," kitabu kilisema, "ni ule ulio wazi, wenye kupitisha hewa, usio na vizuizi, na wenye kijani kinachopunguza joto. Vizuizi vyote vitambuliwe na viondolewe. Wanaoishi kandokando ya ushoroba washirikishwe."

Aliinua macho akautazama ushoroba wake, ile njia ya katikati ya nyumba inayotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiutazama kutoka pande mbili. Baiskeli ya Mutua, mpangaji wa chumba cha mbele, ilikuwa imeegemea ukuta. Nyuma yake madumu ya maji. Nyuma ya madumu, kochi la mumewe Mbwana lililokuwa likimngojea fundi tangu mwaka wa korona. Miaka yote alikuwa akipiga kelele juu ya ushoroba huo na hakuna aliyemsikia. Kumbe serikali ilikuwa ikisikia.

Ukurasa wa tisa ulisema ushoroba uwe na upana wa mita ishirini. Hapo Bi Mwanatabu alitabasamu, kwani makosa ya chapa alikuwa akiyajua akiyaona. Alichukua kalamu, akaifuta hiyo ishirini, akaandika juu yake "mbili" kwa mwandiko mzuri.

"Serikali yaja mpaka ushorobani mwangu?" aliuliza Mbwana aliposomewa. Mbwana alifanya kazi bandarini Kipevu miaka thelathini na moja, na kila karatasi yenye muhuri humtia wasiwasi. "Na hiyo tabianchi ndiyo nini?"

"Tabia ya nchi."

"Ya nchi hii? Hiyo naijua. Haitaki kitabu."

"Joto, Mbwana! Wasema hewa ipite, joto lipungue. Wewe si kila usiku walala uani ukiapa wallahi bati litakuua?"

Ndivyo Mbwana alivyokuwa akiapa.

Kesho yake Bi Mwanatabu alimngojea Mutua mlangoni. Kijana alikuwa ametoka zamu ya usiku ya kufunga makontena kwenye malori, macho mekundu, shati limeganda chumvi ya jasho.

"Mama, habari ya asubuhi."

"Njema. Baiskeli yako haitakaa tena ushorobani."

"Lakini mama, hii baskeli iko ya mimi ya kuenda kazi. Nikiweka inje wataiba."

"Si 'iko ya mimi'. Ni 'baiskeli hii ni yangu'. Na si 'inje', ni 'nje'. Miaka sita waishi kwangu, Mutua, na bado waniambia 'inje'."

"Pole mama. Nikiweka nje wataiba."

"Umeona? Sasa umesema vizuri. Iweke nje."

Alimwonyesha kitabu, akaweka kidole kwenye neno vizuizi. Mutua alilisoma, akaangalia baiskeli yake, akaitoa na kuifunga kwa mnyororo kwenye mlingoti wa umeme. Baada ya siku nne kiti chake kikaibiwa. Aliendelea kuiendesha akiwa amesimama kuanzia Shika Adabu hadi kivukoni, na watu wa njiani wakampa jina ambalo hapa haliandikiki.

Kochi likatolewa, madumu yakapelekwa uani. Kisha Bi Mwanatabu akanunua rangi, kwa kuwa kitabu kilisema ushoroba uwe na kijani, akaupaka ukuta wote toka mbele hadi nyuma. Mbwana alipoamka akaona, aliugusa ukuta kwa kidole.

"Nilidhani nimelala msikitini," alisema.

*

Mkutano ulifanywa katika ukumbi wa shule. Afisa wa mipango alikuwa kijana aitwaye Dancun, mtu wa bara, mpole, mwenye kompyuta iliyokuwa ikitupa ramani ukutani. Ramani hiyo ilikuwa mistari mitupu na maandishi madogo, na mapazia ya ukumbi hayakuwepo, hivi kwamba jua la saa nane liliifuta karibu yote. Watu walikuwa wamekaa wakipepea kwa vile vitabu vya kijani.

"Wazazi wetu," alisema Dancun, "mmesoma mwongozo. Sasa tunataka kusikia kutoka kwenu. Ushoroba huu mnaukubali ama mna shida nao?"

Wengi hawakuwa wamesoma, na waliosoma walikuwa wakingoja mwingine aseme ndipo wajue wamesoma nini. Bi Mwanatabu alisimama, akajifunga leso vizuri.

"Bismillahi. Mimi kwa jina ni Mwanatabu binti Omari, na nasema kwa niaba ya safu yetu, nyumba kumi na moja. Ushoroba ndio pumzi ya mahali. Ukizibwa, watu wanazibwa. Kila kilichouziba kiondolewe, kiwe cha nani, kiwe na miaka mingapi. Msimwogope mtu wala msimwonee mtu haya. Mwenye kununa na anune! Mimi kwangu nimeshaanza, sikungoja kuambiwa. Na nyinyi afisi, msichelewe."

Ukumbi ulipiga makofi. Hata Bi Samiha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta ambaye hawakuwa wakisifiana mara kwa mara, alisema, "Hayo ndiyo maneno." Dancun alikuwa akiandika mbio mbio, uso umemng'aa, maana mahali pengine alipopeleka mpango huo alirushiwa chupa za maji. Akampiga Bi Mwanatabu picha, akampa karatasi atie sahihi kama mwakilishi wa wakazi. Alitia sahihi ndefu yenye mkia.

Njiani kurudi nyumbani alimwambia Mbwana, "Waona? Mtu akisema nao kwa lugha fasaha, wanasikia."

Walisikia. Baada ya wiki tatu, asubuhi moja, alitoka kufagia baraza akakuta wanaume wawili wenye makoti ya rangi ya machungwa wakipaka alama nyekundu ya mkasi kwenye ukuta wake wa mbele, katikati ya dirisha la chumba chake na dirisha la Mutua. Kwa Bi Samiha walikuwa wameshamaliza. Nyumba zote kumi na moja zilikuwa na alama, na chini ya kila alama, namba.

"Nyinyi! Ni nini hiki?"

"Ni kizuizi, mama," alijibu mmoja, akichovya burashi.

"Kizuizi gani?"

"Hii nyumba. Vyumba viwili vya mbele na baraza viko ndani ya ushoroba."

"Ushoroba ndio uko ndani ya nyumba, we bwana! Nyumba itakuwaje ndani ya ushoroba?"

Yule mtu hakuwa na ubaya. Alimwonyesha karatasi yenye mstari: barabara katikati, mita kumi huku na mita kumi huku, njia ya waenda kwa miguu, njia ya baiskeli, mtaro wa maji ya mvua, miti. Kazi ingeanza mwezi ujao. Bi Mwanatabu aliitazama ile karatasi, na ile mita ishirini aliyoifuta kwa mkono wake mwenyewe ikamrudia. Akakaa barazani, juu ya baraza ambalo kwenye karatasi halikuwepo tena.

Mbwana alitoka amejifunga msuli wake akautazama ukuta. "Wameniwekea msalaba," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

*

Majirani hawakumtukana, na angalau wangemtukana angepata la kujibu. Walimnyamazia. Akipita, mazungumzo yalikatika. Alipomgongea Bi Samiha kumweleza kwamba yeye naye hakujua, Bi Samiha alimjibu kwa nyuma ya pazia.

"Hapa hapana kilichokuziba, Bi Mwanatabu. Pita tu."

Ndipo alipokwenda afisi ya mipango. Alikaa kwenye benchi kutoka asubuhi hadi adhuhuri, akaambiwa aliyekuwa akimhitaji yuko chai, kisha yuko mkutanoni, kisha si yeye anayehitajika. Mwishowe akapokewa na karani aitwaye Velma, msichana mwenye miwani mikubwa na uso wa huruma. Nyuma ya Velma, ukutani, palibandikwa picha ya Bi Mwanatabu akiwa ameinua mkono, na chini yake: JAMII YAUNGA MKONO USHOROBA.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanatabu, "nataka kurudisha maneno yangu. Ushoroba ni wa nyumba. Njia ni njia. Mlitaka kusema ukanda wa barabara, mngesema ukanda wa barabara, na mimi ningewaambia hapana."

"Kiingereza chake ni korido, mama."

"Hata hiyo korido ni ya nyumba!"

"Na ya barabara pia. Aliyetafsiri alipewa siku mbili." Velma alishusha sauti. "Hata mimi niliposoma nilicheka. Lakini mimi ni karani tu."

Alitoa fomu ya pingamizi. Leo, alisema, ndiyo siku ya mwisho ya kuipeleka. Mtu angeweza kupinga kwa sababu tatu tu. Ya kwanza, kwamba hakupewa taarifa.

"Nilipewa. Kitabu kiko nyumbani."

Ya pili, kwamba hakuhudhuria mkutano. Wote wawili walijikuta wakiitazama ile picha ukutani.

"Ya tatu?" aliuliza Bi Mwanatabu.

Velma alisoma bila kuinua macho. "Sikuielewa lugha iliyotumika."

"Lugha iliyotumika ni Kiswahili."

"Ndiyo, mama."

"Waniambia mimi, Mwanatabu binti Omari, niandike kwamba sielewi Kiswahili?"

"Mimi sikuambii, mama. Nakuonyesha sababu iliyobaki."

Nje ya dirisha gari lilikuwa likipiga honi. Bi Mwanatabu alifikiria chumba chake, kitanda cha mvule alichozalia watoto wanne, dirisha ambalo mamake alikuwa akiketi kando yake akimfunza majina ya nyota. Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa leso sokoni. Kisha akachukua kalamu, akatia alama kwenye ya tatu.

"Sasa hapa wataka nini?"

"Lugha unayoielewa."

"Kiswahili."

Velma, aliyekuwa akiiingiza fomu kwenye kompyuta, alibonyeza, akabonyeza tena. "Kompyuta inakataa. Lugha usiyoielewa na lugha unayoielewa haziwezi kuwa moja."

"Basi mimi sina nyingine. Kiarabu nakisoma tu, sikisemi."

"Na siku ya kusikilizwa, mkalimani ni wa kuja naye wewe mwenyewe. Nani atakubali kuja kukutafsiria, mama? Tuanzie hapo."

Swali hilo lilikuwa gumu kuliko Velma alivyojua. Katika safu nzima hakukuwa na mtu wa kumpa hata moto wa jiko. Bi Mwanatabu alihesabu nyumba moja moja kichwani, mlango kwa mlango, mpaka akafika kwake mwenyewe, chumba cha mbele.

"Andika Kikamba," alisema.

*

Alimkuta Mutua uani akifua. Alisimama nyuma yake akitafuta pa kuanzia, na jambo hilo halikuwa desturi yake.

"Mutua, mwanangu."

Mutua aligeuka haraka kuona ni nani aliyeitwa hivyo. Bi Mwanatabu alimweleza yote. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, povu likimkauka mikononi.

"Mama anataka mimi niende mbele ya wazee wa baraza, niseme mama hajui Kiswahili."

"Naam."

"Na mimi ndiyo niko najua."

"Na wewe ndiye... Ndiyo. Wewe uko najua."

Mutua alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Alicheka kicheko cha miaka sita, na Bi Mwanatabu akamwachia acheke, kwa sababu alikuwa amekilipia. Alipomaliza alijifuta macho kwa shati lililolowa.

"Nilikukosea ile baiskeli," alisema Bi Mwanatabu. "Nilikukosea sana."

"Wacha hiyo, mama. Chumba yangu pia iko na hiyo alama."

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakumwambia kwamba ni "chumba changu".

*

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa shule ulijaa. Wajumbe watatu waliletwa kutoka nje ili wasiwe na upande, na mwenyekiti wao alikuwa mzee mnene mwenye kitambaa cha kujifutia jasho. Dancun alikuwa pembeni na faili yake, Velma kwenye kompyuta akiandika. Majirani walikaa nyuma, mikono kifuani. Mbwana alikaa nao akilitazama panga boi la darini, ambalo halikuwa likizunguka.

Ikawa hivi: mwenyekiti anauliza kwa Kiswahili, Mutua anamgeukia Bi Mwanatabu na kumwambia kwa Kikamba maneno ambayo hakuyajua hata moja, naye anaweka leso mdomoni na kumnong'oneza jibu sikioni kwa Kiswahili safi. Kisha Mutua anainuka, amevaa koti la Mbwana, na kutoa Kiswahili kingine.

"Mama anasema hii nyumba iko ya yeye, ilijengwa na baba yake. Anasema miti iko mzuri, hata joto yeye anasikia. Lakini watu wa ofisi iwaulize kama nyumba itavunjwa, isiwaulize ushoroba."

Kila ngeli ilipovunjika Bi Mwanatabu alisikia kitu kikimvunjika kifuani. Alikuwa amemnong'oneza sentensi ambayo mamake angeisifu, na sasa ilikuwa imelala sakafuni vipande vipande. Aliuma mdomo wa chini akatulia.

"Lakini kumbukumbu hapa," alisema mwenyekiti akifunua karatasi, "zinasema mama huyu alizungumza mkutanoni kwa ufasaha mkubwa."

Dancun aliinua kichwa. Mutua safari hii hakungoja kunong'onezwa.

"Alikariri, mheshimiwa."

"Alikariri?"

"Alishikishwa maneno na watu. Hii mama haikuwa inajua kitu inasema. Ilisema tu kama kasuku."

Nyuma, Bi Samiha alishindwa kujizuia akatoa kicheko kilichogeuzwa haraka kuwa kikohozi. Bi Mwanatabu alikuwa amekunja ngumi ndani ya buibui. Hii mama. Haikuwa inajua. Kama kasuku. Angeweza kusimama wakati huo akawapa Kiswahili ambacho wajumbe wale wangekisimulia mpaka kwa wajukuu wao, na kwa kila neno angekuwa anang'oa tofali moja la nyumba yake na kumi za wenzake. Alikaa.

Mwenyekiti alimwinamia kwa huruma, akapaza sauti na kusema polepole, kama watu wanavyosema na kiziwi, "PO-LE, MA-MA."

Alikuwa ametia chumvi hata kwenye pole. Bi Mwanatabu alimtazama kwa macho matupu kama mtu asiyesikia chochote, na asante aliyofunzwa tangu utoto akaibana chini ya ulimi.

Wajumbe walitoka, wakarudi baada ya nusu saa. Mwenyekiti alijifuta jasho, akasoma. Kwamba imedhihirika mwakilishi wa wakazi wa safu hiyo hakuielewa lugha ya mwongozo. Kwamba, kwa hivyo, ushirikishwaji wa wakazi wa safu nzima ni batili. Kwamba alama zifutwe na nyumba zote kumi na moja zisiguswe mpaka wakazi washirikishwe upya, kwa lugha wanayoielewa. Na kwamba afisi ya mipango imeagizwa kuutafsiri mwongozo wote, kurasa sitini na nne, kwa Kikamba.

Ukumbi ulilipuka. Bi Samiha alipiga kigelegele. Watu walikuwa wakikumbatiana, Sharif mwenye macho mabovu akilia kwa yote mawili, na Mbwana amesimama akilitaja jina la mkewe. Katikati ya zogo hilo Bi Mwanatabu peke yake aliketi kimya, uso mkavu, mikono mapajani, kwa kuwa wajumbe walikuwa bado wakimtazama na yeye hajaambiwa kitu.

Mutua aliinama. Alimwambia taratibu, kwa Kikamba, maneno mengi. Katika yote Bi Mwanatabu alitambua moja tu, nyumba, ambalo hata kwao Mutua ni nyumba. Alingoja mpaka kijana akamaliza na kumgusa bega, ndipo akaruhusu machozi yatoke.

"Alhamdulillahi," alisema.

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia Velma.

"Andika hapo," alisema. "Sasa mama ameelewa."